Dhambi ya Moyo na Dhambi ya Sheria: Siasa za Mageuzi katika Historia ya Ukristo wa Kiinjili

Katika siasa za Marekani ya leo Wakristo wa kiinjili huhesabiwa kuwa nguzo ya mrengo wa kulia, na hesabu hiyo ina msingi wake, kwa kuwa katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2016 takriban wanne kati ya kila watano wa waumini weupe wa kiinjili waliopiga kura walimchagua Donald Trump. Kutokana na hali hiyo wengi huamini kwamba imani ya kuokoka na siasa za kihafidhina ni chanda na pete tangu zamani. Historia haikubaliani na dhana hiyo, kwani kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 wahubiri wa toba walikuwa miongoni mwa watu waliosimama mbele kabisa kupinga utumwa, kufungua milango ya vyuo kwa wanawake na kudai kwamba saa za kazi viwandani zipunguzwe kwa sheria, na hata katika karne ya 20 mkondo huo ulififia bila kukauka.

Yafaa istilahi mbili zifafanuliwe mapema. Ukristo wa kiinjili, kwa maana inayotumika hapa, ni mkondo wa Uprotestanti uliotokana na uamsho wa miaka ya 1730 na 1740 huko Uingereza na katika makoloni yake ya Amerika ya Kaskazini, chini ya wahubiri kama John Wesley, George Whitefield na Jonathan Edwards. Mwanahistoria David Bebbington, katika kitabu alichokitoa mwaka 1989, aliutambulisha mkondo huo kwa alama nne: kuongoka kwa mtu binafsi, mamlaka ya Biblia, msalaba wa Kristo kama kiini cha wokovu, na utendaji, yaani sharti kwamba imani ionekane katika kazi. Katika Afrika Mashariki ndugu yake wa karibu ni ulokole, uliotokana na uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930. Siasa za mageuzi, kwa upande wake, ni jitihada za kutumia sheria, bunge, mahakama na vyama vya umma ili kuondoa dhuluma na kupanua haki za wasio na nguvu.

Hoja inayojengwa katika mhadhara huu ni kwamba siasa za mageuzi hazikuletwa kwa waumini wa kiinjili kutoka nje ya imani yao, bali zilichipuka katika mafundisho yale yale ya dhambi na toba yaliyowafanya wenzao wengine kuwa wahafidhina. Kilichowatenganisha ni jibu la swali moja: je, dhambi hukaa moyoni mwa mtu peke yake, au hukaa pia katika sheria, katika mikataba na katika bei ya bidhaa? Tena jibu la pili, kila lilipopata nguvu, mara nyingi lilitamkwa kwanza na wale walioumizwa, na ndipo likachukuliwa na waliokuwa na viti bungeni na mimbari makanisani.

Clapham na Jamaika

Mfano unaotajwa zaidi ni wa kundi la Clapham, kijiji kilichokuwa kusini mwa London, ambako mwishoni mwa karne ya 18 waliishi wabunge, wanasheria na wafanyabiashara wa Kianglikana waliounganishwa na imani ya kuongoka, miongoni mwao William Wilberforce, mwenye benki Henry Thornton na Zachary Macaulay. Wilberforce alipopeleka bungeni hoja ya kukomesha biashara ya watumwa, kura ya mwaka 1791 ilimshinda kwa wabunge 163 dhidi ya 88, na ilimlazimu kurudi tena na tena hadi sheria ilipopita mwaka 1807. Njia zilizotumika zilikuwa mpya katika siasa za umma: maombi yaliyotiwa sahihi na maelfu ya watu yakapelekwa bungeni, na familia nyingi zikaacha kununua sukari iliyolimwa na watumwa, zikikiri kwa tendo hilo kwamba dhambi ya mashamba ya Karibi ilifika hadi kwenye kikombe cha chai cha Mwingereza.

Hata hivyo masimulizi yanayoishia kwa Wilberforce huacha nje nusu ya habari. Mwaka 1789 Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa, alichapisha maisha yake katika kitabu kinachosimulia utumwa na kuongoka kwake kwa pamoja, akasafiri sehemu nyingi za Uingereza kukiuza na kutoa ushuhuda. Zaidi ya miaka 40 baadaye, wakati biashara ya watumwa ilikuwa imepigwa marufuku lakini utumwa wenyewe ungali halali, Sam Sharpe, mtumwa aliyekuwa shemasi wa kanisa la Kibaptisti huko Jamaika, alitumia mikutano ya sala kupanga mgomo: baada ya sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1831 watumwa wasirudi mashambani mpaka walipwe ujira. Mgomo ukageuka uasi uliowahusisha maelfu ya watu, ukazimwa kwa umwagaji mkubwa wa damu, na Sharpe akanyongwa Mei 1832. Lakini wamisionari wa Kibaptisti, hasa William Knibb, walirejea Uingereza kueleza waliyoyaona, na mwaka 1833 Bunge likapitisha sheria ya kuukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya milki ya Uingereza.

Sheria hiyo ilibeba pia mipaka ya fikra za walioipitisha. Fidia ya pauni milioni 20 ilitengwa kwa wamiliki wa watumwa, na watumwa wenyewe hawakupewa chochote, bali walifungwa katika utaratibu wa uanagenzi uliodumu hadi mwaka 1838. Wilberforce huyo huyo aliunga mkono sheria za mwaka 1799 zilizowazuia wafanyakazi wa Uingereza kuunda vyama vya kudai mishahara, jambo linaloonyesha kwamba mtu aliweza kuiona dhambi katika meli ya watumwa na asiione katika kiwanda cha jirani. Kazi ya viwandani ilisubiri kizazi cha Lord Shaftesbury, mwinjili mwingine, ambaye juhudi zake zilizaa sheria ya mwaka 1842 iliyowaondoa wanawake, wasichana na wavulana wa chini ya miaka 10 katika kazi za chini ya ardhi migodini, na kuchangia ile ya mwaka 1847 iliyoweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku kwa wanawake na vijana wa viwanda vya nguo.

Mkondo huo wa Clapham uligusa pia pwani ya Afrika Mashariki, kwa kuwa watu wa kundi hilo walishiriki kuanzisha mwaka 1799 shirika la kimisionari la CMS, lililomtuma Johann Ludwig Krapf Mombasa mwaka 1844 na kuanzisha makazi ya watumwa waliokombolewa huko Freretown mwaka 1875. Vita dhidi ya utumwa katika pwani hiyo vilitembea bega kwa bega na kupanuka kwa himaya ya Uingereza, na waliokombolewa walijikuta chini ya ulezi mkali wa wamisionari, hivyo urithi wa Clapham ulifika Afrika ukiwa na sura zake zote mbili.

Oberlin: toba isiyoahirishwa

Huko Marekani uhusiano wa mahubiri na mageuzi ulijengwa juu ya fundisho mahususi. Charles Finney, mwanasheria aliyegeuka mhubiri na aliyeongoza uamsho mkubwa katika jimbo la New York kati ya miaka ya 1820 na 1830, alifundisha kwamba dhambi ni uamuzi wa hiari na kwa hiyo mtu anaweza, na anapaswa, kuiacha papo hapo. Aliweka benchi mbele ya mkutano, akawataka wenye kusumbuliwa na dhamiri wakae hapo mbele ya macho ya wote wafanye uamuzi, na aliwaruhusu wanawake kusali kwa sauti katika mikutano yenye wanaume, jambo lililowaudhi wachungaji wengi. Fundisho hilo lilipowekwa juu ya utumwa matokeo yake yalikuwa wazi: kama dhambi haiachwi kidogo kidogo, basi utumwa nao haustahili kuondolewa kwa awamu za vizazi, na hapo ndipo wito wa ukombozi wa mara moja ulipopata wafuasi wengi miongoni mwa walioongoka katika mikutano ya uamsho.

Mmoja wa wafuasi hao, Theodore Weld, aliongoza mwaka 1834 mjadala wa usiku 18 kuhusu utumwa katika seminari ya Lane mjini Cincinnati. Miongoni mwa wazungumzaji alikuwa James Bradley, mwanafunzi aliyezaliwa Afrika, akatekwa akiwa mtoto mdogo na baadaye akajinunulia uhuru wake mwenyewe, na ushuhuda wake ulikuwa na uzito ambao hoja za vitabuni zisingeweza kuwa nao. Wasimamizi wa seminari walipopiga marufuku mijadala ya aina hiyo, wanafunzi wengi walihama, wakaenda katika chuo kichanga cha Oberlin, Ohio, kwa sharti kwamba watu weusi wapokewe humo. Chuo kilikubali mwaka 1835, Finney akaja kufundisha theolojia, na mwaka 1837 wanawake wakaanza masomo ya shahada pamoja na wanaume.

Msimamo huo ulijaribiwa Septemba 1858, wakati John Price, kijana aliyetoroka utumwani Kentucky na kuishi Oberlin, alipokamatwa kwa hila na kupelekwa kwenye hoteli katika mji jirani wa Wellington, ili apakiwe katika treni ya kwenda kusini. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1850 iliwataka raia wote wasaidie kuwarudisha watoro. Habari zilipofika Oberlin, wanafunzi, wakulima, mafundi na wafanyabiashara, weusi kwa weupe, walikimbilia Wellington, wakaizingira hoteli, wakamtoa Price, wakamficha katika nyumba ya profesa James Fairchild, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa chuo, kisha wakamvusha hadi Kanada. Watu 37 walishitakiwa, wawili wakahukumiwa kifungo, na mmoja wa hao wawili, Charles Langston, mtu mweusi aliyesoma Oberlin, alisimama mahakamani akaeleza kwamba sheria iliyomnyima haki ya kuhukumiwa na watu wa hadhi sawa naye haikuwa na madai ya haki juu yake. Hakimu akampa adhabu nyepesi kuliko mwenzake.

Ni lazima ikumbukwe, hata hivyo, kwamba waliomiliki watumwa kusini nao walikuwa wametoka katika mikutano ya uamsho. Wamethodisti waligawanyika mwaka 1844 kwa sababu ya askofu mmoja wa Georgia aliyemiliki watumwa, na mwaka uliofuata Wabaptisti wa kusini waliunda umoja wao kwa kuwa wenzao wa kaskazini walikataa kuwateua wenye watumwa kuwa wamisionari. Wahubiri wa kusini waliwahubiria watumwa toba na uzima wa milele kwa bidii, wakitenganisha kabisa wokovu wa roho na hali ya mwili, na mtengano huo ndio uliokuja kushika nafasi kubwa katika karne iliyofuata.

Mkondo unapogeuka

Wanahistoria wamekiita kipindi cha kati ya mwisho wa karne ya 19 na miaka ya 1930 "mgeuko mkuu", kwa maana kwamba waumini wa kiinjili weupe, waliokuwa wamezoea kuanzisha vyama vya mageuzi, walijiondoa humo na kubaki na mahubiri ya wokovu wa mtu mmoja mmoja. Sababu moja ilikuwa mabadiliko katika fundisho la siku za mwisho. Kizazi cha Finney kiliamini kwamba Kristo atarudi baada ya miaka elfu ya amani, ambayo kanisa lingesaidia kuileta kwa kuitengeneza jamii. Kizazi kilichomfuata, kikiwa kimepitia vita vya wenyewe kwa wenyewe na kuuona umaskini wa miji mikubwa, kilizidi kuamini kwamba Kristo atarudi kabla ya miaka hiyo na kwamba dunia itazidi kuharibika hadi siku hiyo, na kama ndivyo, kurekebisha sheria kulionekana kuwa kupoteza wakati. Sababu ya pili ni kwamba mageuzi ya kijamii yalianza kunasibishwa na theolojia huru, hasa baada ya Walter Rauschenbusch, mchungaji aliyehudumu katika mtaa wa maskini mjini New York, kuchapisha mwaka 1907 kitabu chake kuhusu Ukristo na mgogoro wa jamii. Waliopinga theolojia hiyo walizitupa pamoja nayo hoja za mishahara na makazi.

Mgeuko huo haukuwa wa siku moja. William Jennings Bryan, muumini wa kiinjili aliyegombea urais kwa chama cha Democratic mara tatu, mwaka 1896, 1900 na 1908, alitetea wakulima wenye madeni, kodi ya mapato, kura ya wanawake na uchaguzi wa maseneta kwa kura za wananchi, na alijiuzulu uwaziri wa mambo ya nje mwaka 1915 kwa kuhofia kwamba nchi ilikuwa ikielekea vitani. Ndiye pia aliyesimama upande wa mashitaka mwaka 1925 huko Dayton, Tennessee, dhidi ya mwalimu aliyefundisha nadharia ya mageuko ya viumbe, na sehemu ya sababu zake ilikuwa hofu kwamba nadharia hiyo ilitumika kuhalalisha wenye nguvu kuwaponda wanyonge. Lakini Bryan huyo huyo, katika mkutano mkuu wa chama mwaka 1924, alipinga kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan kutajwa kwa jina katika azimio la kulaani chuki. Mrengo wake wa mageuzi ulikuwa wa watu weupe, na kwa upofu huo ulikosa washirika ambao wangeurithi.

Chicago, 1973

Mwaka 1947 mwanatheolojia Carl Henry aliwakemea wenzake, katika kitabu kifupi kilichosomwa sana, kwa kunyamazia vita, ubaguzi wa rangi na dhuluma dhidi ya wafanyakazi, lakini wakati wa harakati za haki za raia makanisa mengi ya kiinjili ya weupe yalikaa pembeni au yalipinga. Kazi ya kupinga dhuluma hizo iliendelezwa na watu weusi waliokuwa na imani ile ile. John Perkins, ambaye kaka yake aliuawa na polisi Mississippi mwaka 1946, aliongoka akiwa California, akarudi nyumbani mwaka 1960 kuhubiri na kufundisha watoto Biblia, akagundua kwamba mahubiri hayakutosha pale ambapo familia hazikuwa na chakula wala kura. Alisaidia kuanzisha vyama vya ushirika, akaongoza mgomo wa kutonunua katika maduka ya weupe mjini Mendenhall, na Februari 1970 alipigwa na polisi katika jela ya Brandon karibu ya kufa.

Katika vyuo vya kaskazini vita vya Vietnam viliamsha kundi jingine. Wanafunzi wa seminari moja huko Deerfield, Illinois, wakiongozwa na Jim Wallis, walianzisha mwaka 1971 jarida la *Post-American*, ambalo jalada la toleo lake la kwanza lilimwonyesha Kristo mwenye taji la miiba akiwa amefunikwa bendera ya Marekani. Ronald Sider, mwanahistoria wa kanisa, alipanga kampeni ya waumini wa kiinjili ya kumuunga mkono George McGovern, mgombea wa chama cha Democratic, katika uchaguzi wa rais wa 1972. Novemba 1973 watu kama hao, pamoja na wazee wa heshima kama Carl Henry, wote wakiwa kama 50, walikutana katika hoteli ya YMCA mjini Chicago kuandika tamko la pamoja.

Kilichotokea ndani ya ukumbi kina maana zaidi kuliko hata tamko lenyewe. Wajumbe weusi, akiwemo William Pannell, walilalamika kwamba hawakushirikishwa vya kutosha katika maandalizi na kwamba rasimu iliugusa ubaguzi wa rangi juu juu. Wanawake walikuwa wachache mno, na ni Nancy Hardesty aliyesukuma iongezwe sentensi ya kukiri kwamba kanisa limewafundisha wanaume kutawala kwa kiburi na wanawake kukwepa wajibu. Hivyo hati iliyotoka, inayojulikana kama Azimio la Chicago, iliandikwa kwa umbo la maungamo, ikiutaja ubaguzi, tamaa ya mali, kuabudu nguvu za kijeshi na ukandamizaji wa wanawake kama dhambi za taifa na za kanisa. Dhambi ya sheria ilikuwa imetamkwa waziwazi, na waliolazimisha itamkwe kwa ukamilifu ni wale waliokuwa wakibebeshwa mzigo wake.

Muungano huo haukudumu. Katika mikutano ya miaka iliyofuata wajumbe weusi, wanawake, na wale wa mapokeo ya Kimennoni waliotanguliza amani walitofautiana kuhusu lipi litangulie, kila kundi likaunda chombo chake, na suala la utoaji mimba likawagawanya zaidi. Upande wa pili ulikuwa ukijipanga kwa fedha, vituo vya televisheni na orodha za anwani za mamilioni ya wafadhili. Serikali ilipoanza kuzinyima msamaha wa kodi shule binafsi za Kikristo zilizobagua weusi, viongozi wengi wa kihafidhina waliona uhuru wao wa dini unaingiliwa. Wanahistoria wengine huuona mgogoro huo kuwa cheche ya kwanza, wengine huipa uzito zaidi hukumu ya mwaka 1973 iliyohalalisha utoaji mimba. Mwaka 1979 mhubiri Jerry Falwell alianzisha shirika la kihafidhina la Moral Majority, na mwaka 1980 Jimmy Carter, rais aliyejitambulisha kuwa ameokoka, alishindwa na Ronald Reagan kwa msaada wa kura nyingi za waliookoka.

Lausanne na Afrika Mashariki

Wakati mkondo huo ukibanwa Marekani, ulikuwa ukipanuka kwingineko. Julai 1974 mhubiri Billy Graham aliitisha kongamano la uinjilisti wa dunia huko Lausanne, Uswisi, lililowakutanisha watu zaidi ya 2,000 kutoka nchi zipatazo 150. René Padilla wa Ecuador na Samuel Escobar wa Peru walitumia jukwaa hilo kukosoa injili iliyofungashwa pamoja na mtindo wa maisha wa Marekani, wakatetea utume timilifu, yaani fundisho kwamba kutangaza wokovu na kutafuta haki ni kazi moja isiyogawanyika. John Stott, aliyeongoza uandishi wa Agano la Lausanne, aliingiza ndani yake fungu la tano, linalokiri kwamba wajibu wa kijamii na kisiasa ni sehemu ya wajibu wa Kikristo. Sauti ya Kenya nayo ilisikika humo: mwaka 1971 mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki alikuwa ametaka makanisa ya Magharibi yasitishe kwa muda kupeleka wamisionari na fedha, ili makanisa ya Afrika yajifunze kujitegemea, na agano hilo likakubali kwamba kupunguza wamisionari na fedha za kigeni huenda kukahitajika mahali pengine.

Matunda ya mwelekeo huo yalionekana kwa askofu David Gitari wa Kanisa la Anglikana la Kenya, mtu aliyelelewa katika mapokeo ya kiinjili. Baada ya mbunge J. M. Kariuki kuuawa Machi 1975, Gitari alizungumzia utakatifu wa uhai katika redio ya taifa. Mwaka 1988, ambapo kura za siri katika mchujo wa chama tawala hazikutumika na wapiga kura wakapangwa mlolongo nyuma ya wagombea, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 akahesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, alihubiri dhidi ya utaratibu huo akifafanua maandiko aya kwa aya, kwa njia ambayo mlokole yeyote angeitambua. Aprili 1989 nyumba yake ilivamiwa usiku. Lakini Kenya hiyo hiyo ilikuwa na makanisa mengine ya kiinjili yaliyojitenga na msimamo huo na kuhimiza utii kwa serikali ya rais Daniel arap Moi, mwenyewe muumini wa Africa Inland Church. Kwa mara nyingine Biblia moja ilisomwa kwa njia mbili.

Hitimisho

Haitakuwa sahihi kuihesabu historia hii kuwa zama za dhahabu zilizopotea, kwa kuwa hapakuwa na wakati ambapo waumini wote wa kiinjili walikubaliana kuhusu siasa, wala si sahihi kuwaona wanamageuzi hao kama watu waliotoka nje ya imani yao, kwani Finney, Sharpe, Perkins na Gitari walisimama juu ya toba na Biblia kama walivyosimama wapinzani wao. Walishindwa mara nyingi kwa sababu za kawaida za siasa: walikosa vyombo vya kudumu, waligawanyika kabla ya kupata nguvu, na kila walipojitegemeza juu ya dhamiri ya wakubwa peke yake walipata sheria nusu nusu, kama ile ya mwaka 1833 iliyomfidia bwana ikamwacha mtumwa. Walifanikiwa zaidi pale ambapo aliyeumizwa alipewa nafasi ya kuandika orodha ya dhambi zinazopaswa kutubiwa. Kwa hiyo anayetaka kuupima mkondo wowote wa kiinjili, Marekani au Afrika Mashariki, hatapata jibu kwa kuuliza tu kama unahubiri toba, kwa maana yote huihubiri. Itamlazimu aulize ni nani walioalikwa kuandika orodha hiyo, na ni dhambi za nani zilizoachwa nje.